Difu ya Ipogolo

Mume wangu alipofariki, gari lake lilikuwa juu ya matofali, halina ekseli ya nyuma. Alikuwa ameifungua siku chache kabla, boliti moja baada ya nyingine, akaivuta nje, akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko langu na kuniahidi kwamba haitakaa hapo. Ilikaa msiba mzima. Wanawake waliokuja kupika waliitundikia khanga zilizolowa, na mmoja wao akaniuliza kwa upole kama ile ni mashine ya kukamulia alizeti. Nikamwambia ndiyo.

Sikulia. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo lililosemwa kuliko mengine yote. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, niliolewa na Mnyakyusa hapa Mbeya, na Wanyakyusa hawaziki mtu kimyakimya. Waliimba, wakalia, wakaangukiana, mashangazi zake wakagaragara mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama visigino vya watu. Presha ilimpanda mume wangu akiwa kazini, wakamkimbiza hospitali, na kabla sijafika na chupa ya uji alikuwa ameshakwenda. Nilijua kwamba napaswa kulia. Lakini mwili wote ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi, ule ambao unaukanyagia chini na kuona kwamba si wako. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu hata chozi?" Nikageuka nikamkazia macho mpaka akainamisha uso. Kumbe hasira ilikuwapo kidogo. Kingine chochote hakikuwapo.

Hatukujaliwa mtoto. Nyumba tuliyokaa pale Uyole ilijengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe, mlango wangu ukitazamana na wake, ua mmoja, bomba moja la maji. Kwa hiyo baada ya matanga swali lilikuwa moja tu, na kila aliyepita aliliacha hewani: huyu anarudi lini kwao? Kaka yangu alinipigia simu kutoka Kilolo akaniambia chumba changu kimeshapakwa chokaa. Mashemeji walikuwa na adabu, hawakusema kitu, ila walianza kuniulizia habari za Iringa, mvua zikoje, mahindi yakoje, kama unavyomuulizia mgeni safari yake. Mimi nilitaka kubaki. Kaburi lake liko nyuma ya migomba, naliona nikifungua dirisha. Duka ninamouzia spea za magari liko Mwanjelwa. Katika ganzi yote ile, hilo peke yake nililijua kwa hakika, kwamba sitaki kuondoka. Mwenye neno la mwisho alikuwa baba mkwe, na baba mkwe hakuwahi kusema na mimi tangu niolewe.

Hatukugombana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto humwogopa baba mkwe, naye baba mkwe humwogopa yeye vilevile. Hamtazamani usoni, hamsemeshani, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani kila mtu anashika ukingo wake. Familia nyingi siku hizi zimeachana na mambo hayo. Wachungaji wameyasema sana, na wazee wengine hutoa ng'ombe, wakapeana mkono na mkwe, yakaisha. Baba mkwe wangu hakosi ibada, lakini katika hili alifuata alivyofundishwa na mama yake. Akitaka kutoka nje, anakohoa mlangoni. Nikisikia kikohozi, naingia jikoni, anapita. Akinikuta nafua, navuta khanga kichwani na kugeukia ukuta. Ukiniuliza sura yake ningekueleza buti zake: nyeusi, za kazi, ya kushoto imefungwa kwa waya badala ya kamba.

Mwanzoni jambo hilo lilinichukiza. Kwetu baba mkwe unamwamkia, "Kamwene," anakuitikia, unamnawisha mikono, anakula. Mume wangu alikuwa akicheka. "Angekuwa hakuheshimu, angekusalimia tu," aliniambia. Ujumbe wetu wote ulipita kwa mama mkwe.

"Baba yako anasema mlango wako unalia, utiwe mafuta."

"Mwambie baba asante."

Na mama mkwe aligeuka akayarudia maneno yaleyale kwa mzee aliyekuwa nyuma tu ya ukuta, anasikia kila kitu.

Swali la kukaa kwangu nalo nililipitisha njia hiyo. Tulikuwa tunachambua maharage, mimi na mama mkwe, nikamuuliza, "Baba anasemaje kuhusu mimi?"

"Hajasema kitu, mwanangu."

"Hata kidogo?"

"Si unamjua baba yako."

Simjui, nilitaka kumwambia. Nazijua buti zake.

Sasa gari. Lilikuwa dogo, la Kijapani, limenizidi umri, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Baba mkwe alilinunua likiwa limeshachoka, enzi anaendesha malori ya Zambia na kuyatengeneza mwenyewe njiani, akampa mwanawe. Mwanawe akalitia injini kubwa kutoka gari jingine, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Vijana wa mjini wana mbio zao wanaziita dragi: magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia iliyonyooka, bendera inashushwa, anayetangulia kufika ndiye. Hakuna kona wala ujanja wa njiani. Mume wangu, mtu mpole wa kusimamisha gari kuku wapite, alizipenda mbio hizo kuliko mpira.

Shida ni kwamba injini ilikuwa ya mtu mzima na ekseli ya nyuma ilikuwa ya mtoto. Ekseli hiyo ndiyo inayopokea nguvu yote. Katikati yake kuna difu, bonge la chuma lenye meno linalogawa nguvu kwa tairi mbili, na kutoka kwenye difu shafti moja inakwenda kila upande. Mara ya mwisho aliposhindana, bendera ilishushwa, akaachia klachi, shafti ikakatika kama muwa. Gari likabaki palepale likinguruma, mwenzake ameshafika. Watu walicheka sana. Alirudi nyumbani akivutwa kwa kamba, akakaa kizingitini akaniambia, "Nitaweka difu ya pikapu. Iko moja Ipogolo nimeshaiona. Hailingani, lakini chuma kinakatwa, chuma kinaungwa." Difu za mashindano wanaziagiza nje ya nchi watu ambao hawanunui nyanya kwa mafungu. Sisi tulikuwa watu wa mafungu.

Matanga yalipokwisha na lile chuma bado limeegemea jiko langu, nikasema basi. Ningependa kuandika kwamba nilifanya kwa upendo. Nilifanya kama mtu anavyoosha vyombo, kwa sababu vipo. Gari likimbie mara moja tu, kama alivyotaka, halafu watakalosema waseme. Nikapanda basi kwenda Iringa.

Ipogolo iko chini, pale barabara kuu inapopita kabla hujapanda mlima kuingia mjini. Muuza chuma chakavu alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya sufu, amekaa juu ya injini kama amekaa kwenye kigoda.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

Nikamweleza ninachotaka. Akanitazama kuanzia viatu. "Mzee wako yuko wapi aje achague?"

"Alishachagua. Amefariki."

Akavua kofia. "Ni yule mrefu, anacheka cheka? Alisema nisiiuze, atakuja." Akanipeleka nyuma ya mabati. Ekseli ilikuwa imefunikwa gunia na kuwekewa jiwe juu ili gunia lisipeperuke. Muda wote ule mtu huyu alikuwa amemtunzia. Nilipaswa kusikia kitu hapo. Nikauliza kama beringi ni nzima.

Alizungusha upande mmoja akanionyesha pua ya difu, pale mbele inapopokea nguvu, inavyozunguka haraka. "Hii ya kubebea mizigo," akasema. "Inaondoka kwa nguvu, huko mbele inachoka. Mnakwenda mbali?"

"Hatuendi mbali."

"Basi ndiyo yenyewe." Akachukua spana akafungua kizibo cha chini, oili nyeusi ikamwagika mchangani. "Naimwaga, maana dereva wa lori hatakubali imchafulie mzigo. Ukifika, kabla ya kitu chochote, oili."

"Mimi nauza oili, baba."

"Umekaa na Wanyakyusa mpaka umepata maringo. Mimi nimekuambia tu."

Kaka yangu alikuwa ameshuka kutoka Kilolo kuonana na mimi. Alitukuta tunapakia ekseli kwenye lori linalorudi Mbeya na magunia ya vitunguu. Alisimama na mikono mfukoni mpaka tulipomaliza. "Nilidhani unaleta mizigo," akasema, "kumbe unapeleka." Akaninunulia mahindi ya kuchoma na tukayala tukiangalia malori yanavyoshuka, akanisindikiza kwenye basi.

Ekseli ililala uani usiku huo. Siku iliyofuata niliporudi kutoka dukani, niliikuta imeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka chuma kinaonekana. Ngoma za breki zilikuwa zimefunguliwa na vyuma vyake vidogo vimepangwa juu ya gunia, vya kushoto kushoto, vya kulia kulia. Sikuuliza ni nani. Waya mmoja wa buti ulikuwa umeanguka karibu na bomba.

Tukaanza hivyo. Mimi nikiwa dukani, yeye yuko uani. Mimi nikirudi mchana, kikohozi, mlango wake unafungwa, na uwanja ni wangu. Alichotaka nikifanye alikiwekea spana juu yake. Kilichokufa alikizungushia duara la chaki. Niliona duara kwenye beringi ya kulia, kesho yake nikaleta nyingine kutoka dukani nikaiacha kizingitini pake, na siku iliyofuata nikaikuta imeshaingia mahali pake, imepakwa grisi, imefunikwa na kitambaa kisafi. Hatukuwahi kukubaliana juu ya utaratibu huu. Ulikuwa rahisi kuliko watu wengi niliofanya nao kazi kwa kuongea.

Ekseli ya pikapu haikutengenezwa kwa ajili ya gari letu, na vile vikalio vya chuma ambavyo springi hukalia havikuwa mahali pake. Nikaleta fundi wa kuchomelea siku ya Jumamosi, mzee akiwa ameenda mazoezi ya kwaya. Tukavikata, tukavichomelea pale springi zetu zilipo. Nilipoviangalia niliona vimekaa. Jumatatu nikarudi kutoka kazini nikakuta vyote viwili vimekatwa tena na chuma kimesagwa kikawa laini, kana kwamba sikuwahi kufanya kitu.

Nilichukua spana nikaitupa ukutani. Plasta ikadondoka. Halafu nikasimama katikati ya ua, nikautazama mlango wake uliofungwa, na kitu ambacho hakuna mke wa mtoto aliyewahi kukifanya kwenye ua ule nikakifanya. Nilimpigia kelele.

"Kama hunitaki hapa kwako, sema! Waambie waniambie!"

Majirani walinyamaza. Kuku walinyamaza. Nyuma ya mlango nilisikia kiti kikisogea, basi. Nikakaa chini kwenye gunia, na hapo ndipo nilipoiona pima maji. Alikuwa ameifunga kwa uzi juu ya pua ya difu, na tone la hewa lilikuwa limekimbilia mwisho wa kioo. Pua ilikuwa imeinama. Tungeifunga vile, propela, lile bomba refu linaloleta nguvu kutoka kwenye gia, lingeingia limepinda na kujila lenyewe kwenye maungio. Alikuwa amenionyesha kosa kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nami nikamtukania nyumba yake.

Asubuhi mama mkwe alinikuta bombani. "Jana umepiga kelele."

"Nisamehe, mama. Baba amesemaje?"

"Amesema vichomelewe tena, pua iinuke kidogo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Kwa hiyo alinisikia, na jibu hakunipa. Nilikwenda dukani nikauza plagi na vichujio siku nzima kama kawaida. Niliporudi nyumbani nilianza kutoa nguo kabatini na kuzikunja. Sikuwa na huzuni yoyote. Nilizikunja vizuri, sweta chini, khanga juu, nikaziweka kwenye begi na begi nikaliweka mlangoni kwa ndani. Nilijiambia gari likishakimbia, nitaondoka kabla ya kuambiwa.

Kazi ilikuwa imebaki kidogo. Vikalio vilichomelewa upya na tone la hewa likakaa katikati. Fundi wa kerezo mjini alitukatia propela kwa urefu mpya. Mama mkwe akaaga: anakwenda Madibira kwa binti yake kuvuna mpunga.

"Sasa nani atasema na baba?" nikamuuliza.

"Mimi nimechoka kuwa simu yenu," akasema akifunga kitenge. "Mna hilo chuma lenu. Semezaneni humo."

Unaweza kuniuliza kwa nini hatukutumia simu ya kweli. Mzee alikuwa nayo, ya vitufe, lakini namba yangu hakuwa nayo. Namba ya mkwe utaitembezaje mfukoni? Kwa hiyo tukabaki na spana na chaki. Ekseli tuliiinua kwa jeki mbili, yeye upande wake asubuhi, mimi upande wangu mchana. Boliti za springi alizikaza yeye. Breki alizifunga yeye, zote, nami nikabonyeza pedali peke yangu mpaka hewa ikatoka. Tairi zikarudi, na gari likashuka kwenye matofali kwa mara ya kwanza tangu mwenyewe afe. Lilisimama pana kidogo kwa nyuma, kama mama aliyejifungua juzi.

Kizibo cha kuwekea oili kilikuwa kimekaza sana, mimi sikukiweza. Nikaleta kopo la oili nzito ya gia kutoka dukani. Lilikuwa limeshafunguliwa, maana dukani tunauza pia kwa kipimo, na mteja mmoja alikuwa amechukua kidogo. Nikaliweka chini ya bampa ya nyuma, pale macho yake yatakapofika, nikaenda zangu. Kesho yake mvua ilinyesha. Niliporudi, kopo halikuwepo. Nililikuta stoo, kwenye rafu, limefutwa vizuri na kufunikwa. Nikajua ameshaweka. Hata sikulitikisa.

Siku ya mbio nilitoka nyumbani baada ya kuosha vyombo. Funguo nilikuwa nimeziacha jioni juu ya boneti, na asubuhi gari halikuwepo. Nilimsikia mzee akiondoka nalo kulipokuwa kunapambazuka. Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambapo ndege haziji tena na lami imebaki ndefu na tupu. Nililikuta gari karibu na uzio, limefutwa vumbi, funguo zimo. Mlinzi akasema, "Mzee mmoja ameleta. Ameenda kule nyasini." Sikugeuka kutazama kule.

Vijana walimjua mume wangu. Mmoja alitaka kuniambia maneno, akashindwa, akanifungia mkanda. Kofia ngumu ya mume wangu ilinipwaya, nikaisokotea kilemba ndani ndipo ikakaa. Pembeni yangu kulikuwa na gari jekundu lenye bomba la moshi kubwa kama ndoo. Letu nalo lilikuwa na kelele zake, kiasi kwamba difu ingeweza kuimba kwaya nzima na usiisikie. Nilikuwa nasubiri kuogopa. Sikuogopa. Nilitazama bendera kama ninavyotazama mteja anayeamua kununua au kutonunua.

Ikashushwa. Nikaachia klachi.

Difu ilishika. Sijui nilieleze vipi zaidi ya hivyo. Gari lilikaa chini kwa nyuma, tairi zikauma lami, hakuna kilichokatika, na kiti kikanisukuma mgongoni kama mkono wa mtu. Gari jekundu likabaki nyuma ya bega langu. Nikabadilisha gia, bado liko nyuma. Kifuani kitu kilianza kusogea, kitu ambacho sikuwa nacho tangu siku ile ya chupa ya uji, nikasikia sauti kali inapanda nikadhani ni mimi ninayepiga kelele.

Ilikuwa difu. Ililia juu zaidi, juu zaidi, halafu ikanyamaza na tairi za nyuma zikaganda zote mbili. Gari liliburuzika upandeupande likaacha mistari myeusi, likasimama limekaa mshazari, mstari wa mwisho ukiwa mbele yangu. Jekundu likapita. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa ndani.

Nilitoka nikainama kutazama chini. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye bonge la katikati, na lami chini yake ilikuwa kavu kabisa. Hakuna hata tone. Nikiwa nimeinama vile, kwa chini ya gari, ng'ambo ya pili, nikaona buti nyeusi zinakuja kwa haraka kutoka nyasini. Ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya.

Mwili wangu ulifanya ulichozoea. Nilitafuta mlango wa kuingia, ukuta wa kugeukia. Uwanja wa ndege hauna ukuta. Nikachutama nyuma ya tairi nikavua ile kofia na kuvuta kilemba usoni, huku vijana wa bendera wakinishangaa. Buti zikasimama. Akakohoa.

Sikuwa na pa kwenda.

"Oili uliweka?"

Sauti niliijua, nimeisikia ikipita ukutani tangu niolewe. Haikuwahi kuwa inaniambia mimi.

"Nililiona kopo stoo, baba," nikasema nikitazama lami. "Nilijua umeshaweka wewe."

Vijana wawili waliokuwa wanakuja na ndoo ya maji wakasimama mbali, sijui waliona nini.

"Mimi nililikuta limefunguliwa," akasema. "Limepungua. Nikajua umeshaweka wewe. Nikalitoa mvuani." Akavuta pumzi. "Yuba!" akasema, kama Wanyakyusa wanavyomwita mama wakishtuka, na nikaona magoti yakishuka. Alikuwa amekaa chini, upande wake wa gari, mgongo kwenye mlango. Tulikaa hivyo, gari katikati yetu, linanuka.

"Angetucheka huyu," akasema.

"Angetucheka sana, baba."

"Angecheka mpaka alale chini."

Kisha sauti yake ikawa nzito, kama ya mtu anayeinua kitu peke yake. "Ile siku ulipiga kelele mlangoni kwangu."

"Nisamehe, baba."

"Mimi siwezi kusema na wewe. Hata sasa hivi sisemi na wewe, nasema na hili gari." Akapiga bati kwa kiganja, mara moja. "Ningekuwa nakufukuza, ningehangaika na breki zako?"

Nikaweka kiganja kwenye bati, upande wangu.

"Utapanda basi uende Ipogolo," akasema. "Utafute nyingine. Halafu urudi."

Nikalia. Nililia pale kwenye lami, nimeegemea tairi la moto, kwa sauti ile waliyoitaka mashangazi zake msibani, na vijana wa bendera wakadhani nalilia gari. Nilimlilia mume wangu, nikamwita kwa jina. Ng'ambo ya pili mzee akakohoa, kikohozi kilekile cha mlangoni, cha kusema anataka kupita. Sikuondoka, naye hakupita.